Sura ya Sita: Bati la Walikale Masikioni

Hedifoni ya gemu isiyo na waya, ya bei ya kati, ni ile inayouzwa kati ya dola 100 na 200 huko inakoanzia safari. Chini ya hapo utapata plastiki inayolia ukiigusa na maikrofoni inayokufanya usikike kama umejifungia ndani ya pipa. Juu ya hapo unaanza kulipia urembo na jina. Ni hapa katikati ambapo vijana wengi wa Goma, mashariki mwa Kongo, huweka akiba yao, na pamoja nao wachache wa Masisi na Walikale wenye ndugu wa kuwatumia mzigo kutoka Kampala, Nairobi au Brussels. Ikifika Birere, mtaa wa maduka wa Goma, bei imeshapanda, maana kila aliyeibeba njiani amekula sehemu yake. Hiyo si pesa ya kuchezea kwa mwalimu, kwa mfugaji wa Mushaki au Kingi, wala kwa mchimbaji wa Rubaya.

Kwa hiyo tuipime vizuri. Nitaipima kwa kipimo ambacho wakaguzi wa Ulaya na Marekani hukigusa kwa haraka wakiwa wanamaliza: itakupa saa ngapi za mchezo kabla haijafa? Sauti nitaieleza, starehe ya kichwa nitaieleza, lakini yote nayaweka chini ya swali hilo. Ninasisitiza uhai wa chombo kwa sababu najua kimetoka wapi.

Fungua hedifoni yoyote ya namna hii. Utakuta kibao kidogo cha kijani au cheusi kilichojaa vipande vidogo kuliko punje ya mtama, na kila kipande kimeshikwa na lehemu. Lehemu hiyo karibu yote ni bati. Zamani ilichanganywa na risasi kwa wingi, lakini tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya umeme, na viwanda vya dunia vikahamia mchanganyiko wenye bati asilimia 96 na zaidi, pamoja na fedha kidogo na shaba kidogo. Leo karibu nusu ya bati lote duniani huishia kwenye lehemu. Sheria iliyoandikwa Brussels kwa ajili ya afya ya Wazungu ikaongeza njaa ya kasiteriti, jiwe linalotoa bati, na kasiteriti ilikuwa inachimbwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale.

Bisie iligunduliwa mwaka 2002. Kwa miaka mingi wabeba mizigo walitoka huko kwa miguu, wakiwa na magunia ya kilo 50 mgongoni, wakipita njia ya matope na mizizi hadi Njingala. Kutoka hapo mzigo ulikwenda Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami, zikapakia mawe na kuruka kwenda Goma. Wenye bunduki walikata sehemu yao shimoni, njiani na penye ndege, na si mara moja wenye bunduki hao walikuwa wamevaa sare ya jeshi la taifa. Tangu mwaka 2019 Bisie imekuwa na mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, uliotoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, takriban asilimia 6 ya bati linalochimbwa duniani. Machi 2025 waasi wa M23 waliposonga hadi Walikale-kati, mgodi ulisimama kwa majuma kadhaa, na bei ya bati ikaruka katika soko la London. Mtu aliyekuwa akinunua hedifoni Berlin siku hiyo hakujua kwamba bei ya malighafi yake inategemea barabara ya Walikale.

Masisi nayo ina koltani, jiwe linalotoa tantali. Vilima vya Rubaya vinakadiriwa kutoa kama asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tantali ni chuma kizito, hakiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,000 za Selsiasi, na sifa yake kubwa ni kutengeneza kapasita ndogo sana zinazohifadhi umeme mwingi na kudumu. Mwaka 2000 simu za mkononi zilikuwa zinaenea kwa kasi, Sony ilizindua PlayStation 2 Japani mwezi Machi, na wanunuzi wa tantali wakashikwa na hofu ya kukosa. Bei iliyokuwa kati ya dola 30 na 40 kwa ratili mwanzoni mwa mwaka ilipita dola 300 kabla mwaka haujaisha. Watu waliacha mashamba na ng'ombe wakakimbilia mashimo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, lakini bunduki zilizonunuliwa kwa pesa ile hazikurudi dukani.

Lazima niwe mwaminifu hapa, maana jambo hili hupigiwa chumvi sana. Si kila hedifoni ina tantali. Watengenezaji wengi siku hizi hutumia kapasita za kauri, ambazo ni rahisi zaidi. Bati lipo kwa hakika. Tantali huenda ipo na huenda haipo. Kilicho karibu na hakika ni kobalti: betri nyingi ndogo nyembamba za lithiamu huhitaji kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Kiasi cha kila chuma ndani ya hedifoni moja ni kidogo mno, lakini zidisha mara mamilioni ya hedifoni zinazotupwa kila mwaka kwa sababu betri imechoka na kifuniko kimegundishwa kisifunguke. Ndipo utaona kwa nini ninauliza kuhusu saa.

Tuanze basi na betri, kwa kuwa ndiyo inayoua hedifoni nyingi kabla ya wakati wake. Betri ya lithiamu huhesabu mizunguko: kutoka kujaa hadi kuisha ni mzunguko mmoja. Baada ya mizunguko kati ya 300 na 500 huwa imebaki na takriban asilimia 80 ya nguvu yake ya kwanza, kisha hushuka haraka zaidi. Sony Pulse 3D, iliyotoka mwaka 2020 kwa dola 100, iliahidi saa 12 kwa chaji moja. Logitech G733 ya mwaka huohuo, kwa dola 130, iliahidi saa 29 taa zake zikizimwa. SteelSeries Arctis Nova 7 ya mwaka 2022, kwa dola 180, iliahidi saa 38. HyperX Cloud Alpha Wireless, ya 2022 pia, kwa dola 200, iliahidi saa 300, na hilo si kosa la chapa.

Sasa mchukue mwenye kibanda cha gemu Goma, ambaye vijana hulipa kwa kila mechi na hedifoni haivuliwi saa 10 kwa siku. Yenye saa 12 itahitaji chaji karibu kila usiku, hivyo mizunguko 500 itakwisha baada ya siku 600, hata miaka miwili haitimii. Yenye saa 38 itafika siku 1,900, zaidi ya miaka mitano. Tofauti ya dola 80 imekwisha kulipwa. Kwa mchezaji wa nyumbani anayecheza saa mbili tatu jioni hesabu ya mizunguko si kali hivyo, lakini kuna hesabu nyingine: umeme. Goma ina umeme wa maji kutoka kituo cha Matebe, kilichofunguliwa mwaka 2015 pembeni ya hifadhi ya Virunga, na bado taa hukatika, kama zilivyokatika vita vilipofika mjini Januari 2025. Ukitoka Sake kupanda milimani, wengi hutegemea paneli ya jua juu ya bati au kibanda cha kuchajisha kwa malipo. Aliye Kingi akiwa na hedifoni ya saa 12 atalipia chaji kila baada ya siku chache. Mwenye ya saa 300 atasahau waya uko wapi.

Kuhusu utunzaji nasema machache. Usiiache betri ikiwa tupu kabisa kwa miezi, maana haitaamka tena. Ukisafiri au ukiificha kwa usalama, iache nusu. Usichaji juani.

Na ikichoka? Vua mito ya masikio utazame chini yake. Ukiona skrubu, fundi wa simu wa Birere ataifungua, atakata nyaya mbili au tatu za betri ya zamani na kuweka mpya yenye volti zilezile. Ukiona gundi tupu na vishikizo vya plastiki, fundi huyohuyo ataivunja akijaribu. Kanuni mpya ya betri ya Umoja wa Ulaya inataka kuanzia Februari 2027 vifaa vinavyouzwa huko viwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa. Ikitekelezwa inavyotakiwa, miaka michache baadaye tutaona faida yake hata kwenye mitumba inayofika kwetu. Kwa sasa betri ya kuchomoa utaikuta kwenye hedifoni kama Arctis Nova Pro Wireless, ambayo bei yake imeshatoka nje ya sura hii.

Jambo la pili ni namna sauti inavyosafiri. Hedifoni hizi zina njia mbili: Bluetooth, na redio ya gigahezi 2.4 inayopita kwenye kipokezi kidogo cha USB. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 250. Katika muziki huoni tofauti. Katika mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde, milisekunde 200 ni picha 12: umeshafungwa goli ndipo unasikia mpira ukipigwa. Njia ya kipokezi hupunguza ucheleweshaji hadi milisekunde 20 au 30, ambazo sikio halizitambui. Kwa mashindano, kipokezi ni lazima.

Bluetooth ina kasoro nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Ukiwasha maikrofoni, hedifoni nyingi huhama kwenda hali ya kupigia simu, na sauti yote ya mchezo hushuka ikawa kavu kama ya simu ya zamani. Anayecheza Free Fire au PUBG Mobile na wenzake, akitaka kusikia hatua za adui huku akiongea, ataumia. Baadhi ya vipokezi vina kichwa cha USB-C na huingia moja kwa moja kwenye simu; huko ndiko suluhisho liliko, na kabla ya kununua hakikisha simu yako inakubali kifaa cha namna hiyo.

Angalia pia mashine. PS5 haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja, wala Xbox. Kipokezi kilichotengenezwa kwa PlayStation na kompyuta kwa kawaida hakifanyi kazi kwenye Xbox. Nintendo Switch ilianza kukubali sauti ya Bluetooth Septemba 2021, bila maikrofoni. Nimeona watu wakilipa mamia ya dola kwa kitu ambacho mashine yao haikitambui, na kukirudisha kutoka Kivu ni karibu muhali. Dhamana nyingi husimama mpakani, na tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, hata kifurushi kidogo kilijikuta kikitafuta njia ya kuzunguka.

Masafa ya gigahezi 2.4 hutumiwa pia na Wi-Fi. Katika kibanda chenye mashine nyingi na ruta ya jirani ukutani, sauti inaweza kukatika-katika. Dawa yake ni nafuu: chomoa kipokezi nyuma ya kompyuta, hasa kama kiko kando ya tundu la USB 3.0 lenye kifaa kingine, ukiunganishe kwa kamba ya USB ya nusu mita na kukiweka mezani mbele yako. Matundu hayo yenyewe hutoa kelele katika masafa hayohayo.

Na lazima kuwe na tundu la waya wa milimita 3.5. Betri ikifa, au kipokezi kikipotea (nacho ni kidogo kuliko kidole gumba), hedifoni yenye tundu hilo bado inaweza kuwa hedifoni. Pulse 3D na Arctis Nova 7 zinalo. G733 na Cloud Alpha Wireless hazina. Kwangu hili ni zito: Cloud Alpha, pamoja na saa zake 300, inategemea kabisa kipokezi kimoja, na haina hata Bluetooth ya kuiokoa.

Sauti sasa. Usidanganywe na spika ya milimita 50 dhidi ya 40, wala na maandishi ya hezi 20 hadi 20,000. Karibu kila boksi lina maneno hayo. Peleka hedifoni kwenye rumba. Chukua wimbo wa TPOK Jazz wenye sebene ndefu na usikilize kama unaweza kumfuata mpiga gitaa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho huku besi na tumba zikiendelea. Hedifoni nyingi za gemu huzidisha besi ili milipuko itishe, na besi hiyo hufunika magitaa kwa namna ileile inayofunika hatua za adui nyuma ya ukuta. Ikiwa programu yake ina kisawazisho, punguza besi kabla hujailaumu. Ile sauti ya pande zote inayotangazwa ni hesabu za kompyuta zinazoiga umbo la sikio, na masikio hayafanani. Kwa mmoja inasaidia, kwa mwingine inavuruga. Ijaribu, isipokufaa izime.

Maikrofoni ijaribiwe mvua ikinyesha. Sisemi hivi kwa kupamba: nyumba zetu zimeezekwa mabati, Masisi mvua hainyeshi kwa utani, na jirani ana jenereta. Maikrofoni yenye mkono, inayofika karibu na mdomo, itamshinda yule mdudu aliyefichwa ndani ya kikombe cha sikio kila siku ya juma.

Kuhusu mito ya masikio, hali ya hewa iamue. Masisi juu kuna baridi, ngozi bandia inavumilika na huzuia kelele. Walikale chini, ndani ya joto na unyevu wa msitu, ngozi hiyo itakutoa jasho kwa nusu saa na kupasuka ndani ya mwaka, chagua kitambaa. Uzito ubaki karibu na gramu 300. G733 ina gramu 278, Nova 7 ina 325, na kichwa hugundua tofauti hiyo baada ya saa ya tatu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Vijana wa vibandani hupandisha sauti ili kuishinda kelele ya chumba. Mwenye kibanda anaweza kuweka kikomo kwenye mashine, na namsihi afanye hivyo, kwa kuwa sikio lililoharibika halina fundi Birere wala Nairobi.

Nimebakisha swali ambalo msomaji wa Masisi ana haki ya kuliuliza kuliko msomaji yeyote duniani: chuma hiki kilitoka wapi? Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 huwataka wanaouza hisa katika masoko ya Marekani waeleze kila mwaka kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au kwa majirani zake. Septemba mwaka huo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema hadi Machi 2011, na maelfu ya familia zikakosa chakula. Zikafuata lebo za plastiki kwenye magunia ili kuthibitisha shimo lilikotoka jiwe. Lebo hizo hazikuzuia M23 kuchukua Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba waasi hao walikuwa wakikusanya kama dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani hiyo, na kwamba tani 120 hivi kila mwezi zilivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko.

HP, ambayo inamiliki HyperX tangu 2021, hutoa ripoti inayotakiwa na sheria ya Dodd-Frank. Logitech, Corsair na Sony vilevile. SteelSeries iko chini ya kampuni ya GN ya Denmark, isiyobanwa na sheria hiyo, na kanuni ya Ulaya iliyoanza Januari 2021 inawabana waingizaji wa madini na metali tu; anayeingiza hedifoni iliyokamilika hapa haulizwi. Ripoti hizi ziko wazi mtandaoni. Humo tafuta orodha ya viwanda vya kuyeyusha, kwa kuwa baada ya kuyeyushwa bati la Bisie na bati la Indonesia haviwezi kutenganishwa tena. Kampuni inayotaja viwanda vyake kwa jina imekupa kitu cha kufuatilia. Inayosema tu kwamba inajali haijakupa chochote. Sikushauri ukatae kila kifaa chenye madini ya Kongo. Marufuku ya 2010 ilituonyesha nani huumia kwanza.

Nikiulizwa nichague kati ya nilizozitaja, kwa mtu wa Goma, Sake au Masisi ningechukua Arctis Nova 7: saa 38, kipokezi na Bluetooth kwa wakati mmoja, tundu la waya. Kwa aliye mbali na umeme kabisa, na mwenye nidhamu ya kutunza kipokezi, Cloud Alpha Wireless. Pulse 3D ningeinunua ikiwa mtumba wa bei ndogo tu, tena kwa masharti.

Masharti yenyewe ni haya, na yafanye mbele ya muuzaji, kabla pesa haijatoka mfukoni. Omba kipokezi na ukiunganishe. Hedifoni bila kipokezi chake ni nusu ya bidhaa. Toka nje ya mlango, nyuma ya ukuta, usikilize kama sauti inakatika. Rekodi sauti yako na uisikilize. Pinda upinde wa juu taratibu utafute ufa kwenye bawaba, maana hapo ndipo plastiki hufia. Vua mto mmoja utazame skrubu. Kisha iweke kwenye chaji ukae naye mkinywa chai: ikiwa kiwango kinapanda kutoka asilimia 20 hadi 100 ndani ya dakika chache, betri imekwisha, na bei ishuke kwa gharama ya betri mpya pamoja na kazi ya fundi.